Kigari kikigonga nimekusikia: maswali yenu kuhusu Pilates ya riforma

Toleo lililopita nilimjibu dada mmoja aliyekuwa analia na mgongo kwa sababu ya kukaa kwa kiti cha ofisi asubuhi mpaka jioni, na katikati ya jibu nikataja riforma kwa mstari mmoja tu nikapita. Sikujua nimejichokoza. Meseji zimeingia mpaka simu ikaanza kulalamika nafasi imejaa, wengine mnauliza kama ni dawa, wengine kama ni kitanda cha hospitali, na kuna mmoja aliniuliza kama ni kanisa jipya limefunguliwa. Haya, leo ukurasa wote ni wa riforma, ile mashine ya kufanyia mazoezi ya Pilates. Kwa wale hatujawahi kukutana, mimi hufundisha klasi ndogo za watu sita hapa Nairobi, kabla ya hapo nilifundisha Pilates ya mkeka, na kabla ya hapo kabisa nilikuwa mtu wa kukaa tu kama nyinyi. Majina nimeyaficha vile mliomba.

*

Mwalimu habari. Nakaa Umoja nafanya kazi Upper Hill, na ukijumlisha kwenda na kurudi huwa niko ndani ya mat karibu masaa matatu, halafu kazini ni kiti tu. Kiuno kimenimaliza. Mwenzangu wa ofisi ananiambia nijaribu riforma lakini akinionyesha picha naona kitu kama cha kutesea watu, makamba, machuma, masspringi. Kwani hiyo ni nini haswa, na itanisaidia? – Kiuno, Umoja

Kiuno pole, na si wewe wa kwanza kusema ni ya kutesea watu. Hebu fikiria kitanda chembamba, kirefu kukupita. Juu yake kuna kigodoro kigumu chenye magurudumu chini, hicho ndicho sisi huita kigari, na kigari kinateleza mbele na nyuma kwa reli. Upande mmoja kimeshikwa na springi, mara nyingi nne ama tano, na kila zoezi linaamuliwa litumie ngapi. Kuna chuma cha kukanyagia, kuna vizuizi viwili vya mabega ili usiteleze ukatoka kichwa kwanza, na kuna kamba mbili zenye vitanzi vya kuingiza mikono au miguu. Basi. Hakuna stima, hakuna skrini ya kukuambia umechoma kalori ngapi. Ukisukuma kigari kinaenda, ukilegeza springi inakivuta kirudi.

Aliyeitunga ni Mjerumani anaitwa Joseph Pilates, alizaliwa 1883, na wanasema utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa. Vita Vikuu vya kwanza vilimkuta Uingereza, na kwa sababu ni Mjerumani akafungiwa kambini huko kisiwa cha Man pamoja na wenzake. Inasimuliwa kwamba ni huko alianza kufunga springi kwa vitanda ili wagonjwa wasioweza kuamka wafanye mazoezi wakiwa wamelala, kwa hivyo yule aliyeniuliza kama ni kitanda cha hospitali hakuwa mbali sana. Mwaka wa 1926 akahamia Marekani, yeye na mwenzi wake Clara wakafungua studio New York, na wacheza dansi wa mji ule wakaanza kwenda kwao wakiumia. Yeye mwenyewe mbinu yake hakuiita Pilates, aliiita Kontrolojia, yaani elimu ya kuudhibiti mwili. Hilo neno ulishike, nitalirudia hapo chini.

Sasa kiuno. Mwaka wa 2015 watafiti wa Cochrane, kundi la kimataifa linalochambua tafiti za afya, walipitia majaribio ya Pilates kwa maumivu ya kiuno ya kawaida, na walichopata ni kwamba inasaidia kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo tu, lakini hakukuwa na ushahidi wa kusema inashinda mazoezi mengine. Mimi nauza hii kitu na bado nakuambia hivyo. Ukipenda kuogelea, ogelea. Lakini ikiwa maumivu yanashuka mpaka mguuni, ama mguu unakufa ganzi, nenda kwa daktari kabla hujakuja kwangu, na ukianza kushindwa kushika mkojo au ganzi ikaingia katikati ya mapaja hiyo hata usingoje kesho, ni hospitali usiku huo huo.

*

Niaje mwalimu. Nimeingia klasi ya riforma huko Kilimani, tuko watu sita, nimeshaenda mara nne. Shida yangu ni moja, kila siku ni vile vile. Unalala, unasukuma na miguu, unainua makalio, unapumua, unapumua tena, unaambiwa mbavu mbavu mbavu. Kwa TikTok naona watu wamesimama juu ya kigari wanafanya maajabu, sisi hatujasimama hata siku moja. Halafu mimi naekewa springi nyingi, jirani yangu aliyeanza kitambo anaekewa moja, sasa ni mimi ndio niko na nguvu ama mwalimu anataka kunimaliza? Naona kama nalipa kurudia darasa la kwanza. – Nimechoka Kurudia, Kileleshwa

Nimechoka, hiyo sentensi yako ya mwisho ni kweli tupu. Unalipa kurudia darasa la kwanza, na nakuomba uendelee kulipa bila kinyongo.

Tuanze na springi manake hapo ndipo karibu kila mtu hupotea. Ukitoka jimu umezoea kwamba uzito mwingi ni kazi ngumu na uzito mdogo ni kazi rahisi. Kwa riforma inategemea. Ukiwa umelala chali unasukuma na miguu, springi nyingi ni mzigo kwa miguu, ndio, lakini pia zinakishika kigari kisiyumbe, mgongo wako unatulia, unajua uko wapi. Ukipunguza springi kigari kinakuwa chepesi kama kitu kimepakwa mafuta, na hapo sasa ni tumbo lako ndilo linabaki na kazi ya kukituliza. Kuna mazoezi kama ile ya kushika chuma na mikono huku miguu iko juu ya kigari, mwili umenyooka kama ubao, hapo springi moja nyepesi ndio inakutoa machozi kwa sababu hakuna kitu cha kukusaidia kurudi. Jirani yako hajapunguziwa kazi, ameongezewa. Wewe umepewa springi nyingi kama vile mtoto anavyoshikwa mkono akivuka barabara. Na usiende ukakariri rangi, ati nyekundu ni nzito na ya njano ni nyepesi, kila kampuni inapaka rangi zake, ukihamia studio nyingine utashangaa.

Kwa nini unarudia. Ile ya kusukuma na miguu unayoona ni ya kupasha mwili, mwangalie mwalimu wako vizuri siku ile nyingine. Mnaanza na vidole, visigino vimegusana na vidole vimefunguka kidogo, halafu katikati ya unyayo, vidole vimekunjika juu ya chuma kama ndege kwa tawi, halafu visigino, halafu unanyoosha magoti na kushusha kisigino kimoja kimoja. Wakati nyinyi mnahesabu kumi, sisi tunasoma. Nani anasukuma na mguu wa kulia kuliko kushoto, nani goti linaingia ndani, nani anainua mbavu kila akivuta pumzi, nani nyonga inacheza. Kwa dakika sita saba nimejua yule mwenye kazi ya kusimama, yule wa kubeba mtoto upande mmoja, na yule ambaye amelala vibaya jana. Mtu akiniambia hiyo sehemu ni ya kupoteza wakati nacheka tu.

Na sasa lile neno, Kontrolojia. Kusukuma kigari mtu yeyote anaweza. Nikikuletea mtu kutoka stejini hapo nje sasa hivi atakisukuma. Kazi iko kwa kurudi. Springi inataka kukuvuta kwa haraka, na wewe unaikataza, polepole, mpaka kigari kifike nyumbani bila sauti. Usipoikataza kinagonga kizuizi, kok! Hiyo sauti ndiyo mimi huifuata klasi nzima.

Jumanne moja klasi ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimeinama naweka kamba za mtu wa mashine ya tano, wengine wako nyuma yangu. Nikasikia kok. Kimya. Kok tena. Bila kugeuka nikasema, namba mbili, unarudi na haraka ya nani? Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka mpaka kigari kikatetemeka, halafu nikasikia wote sita wamepunguza mwendo, ikawa ni pumzi tu na magurudumu. Baadaye akanishika mlangoni akaniambia kumbe miguu yake ilikuwa haijawahi kufanya kazi siku zote hizo, ilikuwa springi inamrudisha bure. Mapaja yalimtetemeka mpaka akashuka ngazi akishika ukuta.

Sasa jiulize kwa nini tuko sita na si ishirini. Sita nawasikia. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kama mteja mahali fulani, sitapataja, mashine zimejaa ukuta mpaka ukuta, muziki uko juu kama mat za Rongai, dada aliyekuwa kando yangu aligonga kigari kuanzia mwanzo mpaka mwisho na hakuna aliyemwambia kitu, na mimi nikatoka na shingo imekauka siku tatu kwa sababu hakuna aliyeona kile cha kuegemeza kichwa changu kiko juu zaidi. Tulilipa kama wengine.

Kuhusu kusimama. Ukisimama mguu mmoja kwa jukwaa, ile sehemu ya mashine isiyosogea, na mmoja kwa kigari chenye springi moja nyepesi, kigari kinataka kuondoka. Umewahi kupanda mat ikaanza kutoka steji mguu wako mmoja bado uko chini? Ndio hiyo. Yule wa TikTok amejua kukaa katikati ya hiyo hali, wewe bado. Mimi watu wangu huwasimamisha kama kuanzia klasi ya nane hivi mpaka ya kumi na mbili, wengine zaidi, na sihesabu kwa kalenda. Naangalia kama umemaliza mizunguko yote ya miguu bila kugonga, kama unabadilisha springi zako mwenyewe bila kuniuliza na hausahau kuacha angalau moja imefungwa, na kama unashuka mashine kigari kikiwa kimefika nyumbani na mkono wako uko kwa chuma. Hiyo ya mwisho watu huidharau sana na ndio huangusha watu.

Mara nne umeenda. Rudi ya tano, halafu usikilize kama unagonga.

*

Boss, swali fupi. Hii kitu si ni ya wanawake? Mke wangu ananivuta na nikiangalia picha zao sioni mwanaume. – Kaka wa Ruaka

Kaka, aliyeitunga alikuwa bondia na mtu wa jimnastiki, na kambini alikokuwa amefungiwa walikuwa wanaume watupu. Kinachowatisha wanaume si hicho, ni kulala chali mbele ya watu halafu ukaambiwa uguse vidole vya miguu usivifikie. Wanaume wangu wawili wa Alhamisi wanainua vyuma vizito huko jimu lakini nyuma ya mapaja wamekaza kama kamba ya kuanikia nguo, kwa hivyo klasi ya kwanza walitoka jasho kuliko kina mama wote. Enda na mkeo. Ila usishindane naye, atakushinda na utarudi nyumbani na hasira.

*

Mwalimu shikamoo. Mimi nina mapacha wa miezi mitatu, nilijifungua kwa upasuaji. Kliniki ya wiki sita daktari aliniambia niko sawa. Lakini tumbo bado linakaa kama liko na mtu ndani, na nikikohoa mkojo unatoka kidogo (naandika hii nikiwa na aibu). Dada yangu amenilipia klasi kumi za kikundi za riforma kama zawadi. Nianze? – Mama Mapacha, Utawala

Marahaba Mama Mapacha, na hongera, na hiyo aibu weka kando kabisa, ungejua ni wangapi huniandikia hiyo hiyo usiku wa manane wakinyonyesha.

Ukiambiwa uko sawa kliniki mara nyingi maana yake ni kidonda kimefunga, damu imekata, pressha iko sawa. Si lazima mtu awe ameshika misuli ya tumbo akapima. Wakati wa mimba misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana katikati, na kwa mapacha zaidi. Jaribu hivi, lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo tu kama unataka kuona vidole vyako vya miguu. Tumbo likitokeza katikati kama mgongo wa samaki, hiyo ni ishara kwamba bado halijashikana vizuri na lina haja ya kupimwa na fizio, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, hasa wale wanaojua mambo ya sakafu ya nyonga, misuli ya chini inayoshika mkojo, na huo mkojo ndio watu wa kuutazama ni hao hao. Mkojo kutoka baada ya kuzaa ni jambo la kawaida lakini si jambo la kukubali kuishi nalo.

Halafu mwambie mwalimu kabla ya klasi, kwa simu, si mbele ya watu wakivaa soksi. Mimi mama kama wewe nampa kwanza saa moja tukiwa wawili, ndio aingie kwa kikundi. Humo kwa kikundi wengine wakiinua vichwa kufanya ile ya mia moja, ambayo unapunga mikono ukihesabu mpaka mia, wewe kichwa kinabaki chini, mikono peke yake inapunga. Ubao bado. Kusukuma na miguu sawa, daraja dogo, ile ya kuinua makalio, sawa, kulala ubavu sawa. Na pumzi, hapo utaanza kupenda hizo pumzi wenzako wanazolalamikia, manake ukitoa hewa vizuri tumbo la ndani na sakafu ya nyonga vinaamka pamoja bila kulazimishwa. Kidonda kikianza kuvuta ama kuuma unasimama hapo hapo, haimalizwi kwa ujasiri.

Klasi zako kumi uliza kama zina tarehe ya kuisha, na kama zinaisha mwombe dada yako aongee nao wazisogeze. Na kwa wale wajawazito mnaosoma hapa, baada ya miezi mitatu ya kwanza usikubali kulazwa chali kwa muda mrefu, mwalimu anayejua atakuinua mgongo kwa mito au akubadilishie zoezi, asipojua, ondoka.

*

Dada, mimi napenda lakini pesa. Klasi moja naambiwa karibu elfu tatu. Mshahara wangu wote hauwezi. Nilikuwa nafikiria niende mara moja kwa mwezi, ni afadhali kuliko bure, ama? Na pia ninajuaje studio ni nzuri kabla sijatuma M-Pesa? – Nipunguzie, Kayole

Nipunguzie, mimi nitakujibu kama mtu asiye na studio. Mara moja kwa mwezi usiende. Kila ukirudi mwili umesahau, mwalimu anaanza na wewe upya, na mwaka ukiisha umelipa klasi kumi na mbili za kwanza. Afadhali ukusanye hizo pesa polepole, uulize kama wana kifurushi cha wanaoanza, halafu uzifanye kwa kufuatana, mbili kwa wiki, uingie na kikundi kile kile na mwalimu yule yule. Ukitoka hapo umeshika kitu ambacho unaweza kuendelea nacho nyumbani kwa mkeka.

Na nyumbani si kidogo. Mazoezi ya asili ya Joseph Pilates yalikuwa 34 na yote ni ya sakafuni, mashine haimo hata moja. Chukua leso ikunje uzunguke nayo mbavu, ishike ncha mbele, vuta hewa kwa pua usikie mbavu zinaisukuma leso kwa pembeni na mgongoni, si tumbo linaruka, si mabega yanapanda. Toa kwa mdomo, leso inalegea. Fanya hivyo kumi. Halafu kama una sakafu ya taili, lala chali, vaa soksi za kawaida zinazoteleza, kunja magoti, telezesha kisigino kimoja mbele mpaka mguu unyooke, halafu ukirudishe kwa hesabu ya nne nyonga isitikisike. Mkono mmoja uweke kwa mfupa wa nyonga ujue kama unadanganya. Hiyo mimi huita riforma ya Kayole, sorry, riforma ya taili, na nimeona watu wamefika kwangu wakiijua na wakaruka wiki mbili za mwanzo.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake siku mbili au zaidi za kujenga misuli. Riforma weka kwa hesabu ya misuli. Zile dakika 150, ukishuka steji mbili kabla na ukatembea kwa haraka umeanza kuzilipa bure.

Kuhusu studio. Jina Pilates halina mwenyewe, mahakama ya New York iliamua mwaka wa 2000 kwamba ni neno tu kama vile yoga au karate, kwa hivyo mtu yeyote anaweza kupaka ukuta rangi ya pinki, anunue mashine nne, aandike Pilates mlangoni. Wewe uliza mwalimu alisomea mashine ama mkeka tu, na alisoma kwa muda gani, manake kuna kozi za wikendi moja na kuna za mamia ya masaa. Uliza klasi ni watu wangapi. Uliza ukikosa kuja pesa inaenda wapi. Na uangalie kama wao wanakuuliza kitu, una jeraha, una mimba, umewahi kufanyiwa upasuaji. Studio ambayo haikuulizi chochote isipokuwa namba ya kutuma pesa, tafuta nyingine.

*

Hujambo mwalimu. Mamangu ana miaka 64, alianguka mwaka jana akavunjika kifundo cha mkono, wakampima wakasema mifupa imepungua nguvu. Nataka kumpeleka riforma tuwe tunaenda pamoja, nimeona haina kuruka ruka. Ni sawa? – Kitinda Mimba, Thika Road

Sijambo Kitinda, na mama mwambie pole. Hapa naomba usikimbie. Ni kweli hakuna kuruka, lakini Pilates ina mazoezi mengi ya kukunja mgongo mbele, kujikunja kama mpira, kuinua kichwa na mabega, kubingirika. Kwa mtu ambaye mifupa ya uti wa mgongo imedhoofika hayo ndiyo ya kuacha, na kujipinda kwa nguvu pia, kwa sababu pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kwa kubanwa mbele. Kwa hivyo ile klasi yako ya kikundi ambayo wote mnafanya kitu kimoja usimwingize tu mama ati kwa sababu kuna mashine moja iko wazi.

Anza na fizio, aliyesajiliwa na baraza lao hapa Kenya, apewe ruhusa na orodha ya anachoweza. Halafu saa za peke yake. Kuna mengi ya kumfaa, kusukuma na miguu, kuvuta kamba mgongo ukiwa umenyooka, kusimama kando ya mashine akishika na kusukuma kigari kwa mguu mmoja. Hatari yake kubwa hata si zoezi, ni kupanda na kushuka, kitu chenyewe kina magurudumu. Mwalimu awe amesimama hapo, mguu wake umekizuia kigari, mpaka mama akanyage sakafu na miguu yote miwili, na akiinuka asubiri kidogo akiwa amekaa, kizunguzungu kipite. Na mifupa inataka kubebeshwa uzito mtu akiwa wima, kwa hivyo kutembea kwake asubuhi kusikatwe kwa sababu amepata kitu cha mjini.

Kwenda pamoja ni wazo zuri sana. Wewe klasi yako, yeye saa yake, mkutane kwa chai.

*

Nimekasirika. Nilichelewa dakika kumi na mbili kwa sababu ya jam ya Waiyaki Way, nikafika nimetoka jasho, msichana wa mapokezi akaniambia mlango umefungwa na klasi yangu imehesabiwa. Ni haki hiyo? – Mteja, Kangemi

Ya mlango niko upande wao. Dakika kumi za kwanza ndizo za pumzi, kupanga springi, kuweka chuma na kamba kwa urefu wako, na mwalimu akikuangalia wewe peke yako unayeingia ukihema, wale watano wengine wako juu ya vitu vinavyoteleza hakuna anayewaona. Ya pesa hapo mngeongea, mimi mtu akinipigia kabla ya klasi kuanza akiniambia amekwama, namsamehe mara ya kwanza. Sote tunaishi Nairobi. Mara ya pili nakuuliza kwa nini ulichagua ya saa kumi na mbili jioni na wewe unatokea Kangemi.

*

Mengine ni ya haraka haraka. Aliyeuliza kama lazima anunue zile soksi za studio zenye vidoti vya raba, soksi ndio, za studio hapana, cha maana ni hizo raba chini, usiteleze kwa chuma. Aliyeuliza kama atapungua kilo, kwa riforma peke yake usitegemee sana, nguo zitakukaa vingine lakini mizani inaweza isisogee. Aliyeuliza mara ngapi kwa wiki, mbili, tatu ukiweza.

Na nyinyi watatu mlioniuliza kuhusu nywele mmenifurahisha, manake hili halisemwi popote. Ukiwa na rasta ndefu usije umeziachilia, zinaning'inia kando ya kigari na chini yake kuna magurudumu na reli, nimeshasimamisha klasi nzima kwa sababu ya rasta mbili zilizonaswa na ilibidi tutoe kigari polepole dada wa watu amelala hapo macho juu, hatukukata lakini tulikaribia. Na pia usizifunge fundo kubwa kisogoni, fundo likilalia kile kigodoro kichwa kinasukumwa mbele na shingo inaanza kulalamika kabla hata ya zoezi la kwanza. Zifunge juu kabisa utosini zipite katikati ya vile vizuizi vya mabega, ama uzisuke mkia mmoja ulale kifuani, halafu uzichomeke ndani ya topu.